Kuku Amejikunyata: Jinsi ya Kumchunguza, Kumtenga na Kumuuguza Hatua kwa Hatua

Kuku akizubaa, wafugaji wengi wa nyumbani hukimbilia duka la dawa za mifugo, wakanunua pakiti ya antibiotiki ya oksitetrasaiklini na kumwaga kijiko kwenye ndoo ya maji. Siku ya tatu wanachimba shimo. Kisha lawama zote huangushiwa dawa.

Sababu kubwa ya kushindwa ni hii: kuku mgonjwa hanywi maji. Dawa iliyomo kwenye chombo cha kunyweshea inanywewa na wazima, na mgonjwa anabaki vilevile alivyo. Sababu ya pili ni kwamba mara nyingi ugonjwa wenyewe si wa dawa hiyo. Kideri ni kirusi, minyoo ni minyoo, na yai lililokwama haliteremki kwa antibiotiki.

Mwongozo huu ni wa mwenye kuku watano, kumi au thelathini uani. Fuata hatua kwa mpangilio wake, maana kila moja inategemea iliyotangulia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla

- Tenga au boksi la upana wa sentimita 50 kwa 50, lenye matobo ya hewa
- Magazeti ya zamani ya kutandika chini (maranda huficha kinyesi, na kinyesi ndicho tunachotaka kukiona)
- Chupa mbili za plastiki za kutia maji ya moto, na vitambaa vya kuzifungia
- Kipimajoto cha dijitali, kitengwe kwa ajili ya kuku tu
- Sirinji ya mililita 5, bila sindano
- Mzani, hata wa dukani
- Sukari, chumvi, mafuta ya kupikia na mafuta mazito ya kujipaka
- Glavu, tochi, daftari na kalamu
- Dawa ya klorini ya kufulia, na chokaa au majivu

Dawa za kutibu hazimo kwenye orodha hii. Zinanunuliwa baada ya kujua kinachotibiwa.

## Hatua ya 1: Mtenge sasa hivi

Mtoe kundini kabla hujaanza kufikiri ana ugonjwa gani. Mafua makali, kideri, homa ya matumbo na kuhara damu vyote husambaa kwa maji, chakula na kinyesi wanachochangia. Tena, kuku wazima humdonoa dhaifu, wakamnyima chakula na kumjeruhi.

Mweke mahali pasipo upepo, mbali na banda, kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30. Jaza chupa maji ya moto, izungushie kitambaa, uiweke upande mmoja wa boksi ili akizidiwa na joto aweze kusogea upande wa pili. Badilisha maji kila yanapopoa, hasa usiku.

Onyo: usimwekee jiko la mkaa chumbani. Hewa yake ya sumu na moshi humuua kuku haraka kuliko ugonjwa, na wewe mwenyewe unaweza kudhurika.

Hudumia wazima kwanza, mgonjwa awe wa mwisho. Ukitoka kwake nawa kwa sabuni na badili viatu. Bakteria wengine wa kuku humwingia binadamu, kwa hiyo watoto wasimchezee.

*Ukifanikiwa utaona:* ndani ya saa moja au mbili ameacha kutetemeka, na manyoya yaliyosimama yamelala kidogo.

## Hatua ya 2: Hakikisha kweli anaumwa

Koo anayetaka kuatamia huwachanganya wengi. Hujivimbisha, hubaki kiotani kutwa, hula kidogo, na akitoka hutoa kinyesi kimoja kikubwa chenye harufu kali. Lakini ukimsogelea anafoka na kudonoa, na macho yake ni makali. Huyo hajambo.

Anayenyonyoka manyoya ya zamani naye huacha kutaga kwa wiki kadhaa na kuonekana hovyo, ingawa anakula vizuri. Na kuku anayehema mdomo wazi saa nane mchana chini ya bati, wenzake wakiwa hivyohivyo, ana joto tu. Mpe kivuli na maji baridi.

Mgonjwa wa kweli hajali. Unamshika bila kumkimbiza. Macho nusu yamefumba, mabawa yameanguka, shingo imezama mwilini.

## Hatua ya 3: Mkague kuanzia kichwani hadi kwenye kucha

Fanya ukaguzi mara moja kwa utulivu, dakika kumi zinatosha, kisha uandike. Ukimshikashika kila saa unamchosha.

Uzito na mfupa wa kidari. Mpime uandike gramu. Kisha pitisha vidole kifuani. Mfupa ukichomoza kama kisu na nyama imekwisha pande zote, ameumwa wiki nyingi. Fikiria minyoo, homa ya matumbo ya muda mrefu au mahepe (Marek, ugonjwa wa kirusi unaopoozesha). Akiwa na nyama ya kutosha lakini amelala hoi, ugonjwa ni wa ghafla.

Joto. Paka ncha ya kipimajoto mafuta, iingize taratibu sentimita 2 kwenye njia ya haja. Kuku mzima ana nyuzi 40 hadi 42. Zaidi ya 42.5 ni homa, au mahali alipo pana joto kali. Chini ya 40 ni dalili mbaya: mwili unazimika, na kumpasha joto ndiyo kazi ya kwanza.

Upanga na ndevu. Wekundu ni afya. Weupe maana yake damu imepungua, na mara nyingi wanyonyaji ni utitiri, viroboto au minyoo. Rangi ya zambarau huonyesha hewa au mzunguko wa damu una tatizo. Vipele vikavu kama chunjua ni ndui.

Macho, pua na mdomo. Bana mashavu kidogo, kamasi itoke puani kama ipo. Inuse. Fungua mdomo ummulike kooni kwa tochi.

Gole, yaani mfuko wa chakula chini ya shingo. Liguse jioni na alfajiri. Jioni linapaswa kujaa, alfajiri liwe tupu. Likiwa gumu kama jiwe alfajiri, limeziba. Likiwa laini kama mfuko wa maji na mdomo unanuka uchachu, chakula kimechacha ndani.

Tumbo na njia ya haja. Manyoya ya nyuma yamegandamana kinyesi? Kuna kitu kigumu cha umbo la yai kati ya mifupa ya nyonga?

Ngozi. Fumua manyoya chini ya mabawa na kuzunguka njia ya haja. Utitiri mwekundu hujificha kwenye nyufa za banda mchana, kwa hiyo rudi saa mbili usiku na tochi ukague vichanja na miguu ya waliolala.

Miguu. Magamba yaliyonyanyuka na kuota unga mweupe ni utitiri wa miguu. Uvimbe wenye kidonda cheusi chini ya unyayo ni usaha. Mguu mmoja mbele na mwingine nyuma kwa kuku mchanga ni mahepe, na hayana tiba.

## Hatua ya 4: Soma kinyesi

Badilisha gazeti asubuhi na jioni. Kinyesi cha kawaida ni kigumu kiasi, kahawia au kijivu, kikiwa na kofia nyeupe, ambayo ni mkojo wake. Mara mojamoja hutoka cha rangi ya chokoleti, kinata na kinanuka. Hicho nacho ni cha kawaida.

Damu, hasa kwa vifaranga wa wiki tatu hadi nane, ni kuhara damu. Njano ya salfa kwa kuku wakubwa wanaokufa mmojammoja huelekeza kwenye homa ya matumbo. Nyuzi nyeupe ndefu ni minyoo.

Kijani kinahitaji maneno zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hukosea. Kijani pekee si kideri. Kuku yeyote aliyeacha kula siku mbili hutoa kinyesi cha kijani, kwa kuwa nyongo inapita bila chakula cha kuchanganyika nacho. Kideri unakifikiria kijani kinapokuja na mambo mengine: kuku kadhaa wanaumwa kwa mpigo, wanakoroma au kutweta, shingo inapinda, mabawa au miguu imepooza, na vifo vinafuatana siku hadi siku. Uliza pia kama kuku wa jirani wanakufa, na kama kundi lako lilichanjwa ndani ya miezi mitatu iliyopita. Kundi lisilochanjwa linaweza kuisha karibu lote.

## Hatua ya 5: Mrudishie maji mwilini

Hii ndiyo hatua inayookoa wengi, na ndiyo inayorukwa. Ukausho wa maji humuua kuku kabla bakteria hawajamaliza kazi yao.

Chukua lita 1 ya maji safi ya vuguvugu, sukari kijiko 1 cha chakula, na chumvi robo kijiko cha chai. Usizidishe chumvi. Kuku huivumilia kidogo sana, na ikizidi inamharisha na kumuua. Tengeneza mapya kila siku, na baada ya siku mbili rudi kwenye maji ya kawaida.

Kwanza chovya ncha ya mdomo wake kwenye kikombe. Akimeza mwenyewe, mwachie. Asipomeza, tumia sirinji: dondosha tone moja pembeni mwa mdomo, subiri ameze, dondosha jingine. Mpe mililita 5 hadi 10 kila baada ya saa moja au mbili. Kuku wa kilo 1.5 anahitaji angalau mililita 75 kwa siku.

Onyo: usimfungue mdomo na kusukuma sirinji nzima. Tundu la pumzi liko nyuma tu ya ulimi, na maji yakiingia humo yanakwenda mapafuni. Aliyelegea kabisa asiyeweza kumeza usimnyweshe kitu; mpashe joto kwanza.

Chakula kinafuata akishaanza kunywa: pumba laini zilizoloweshwa kwa maji ya moto zikapoa, uji mzito wa dona, au yai la kuchemsha lililopondwa. Kijiko kimoja mara nne kwa siku.

*Ukifanikiwa utaona:* ndani ya saa 24 anainua kichwa, anafuata sauti yako kwa macho, na kinyesi kinaongezeka.

## Hatua ya 6: Tibu kile ulichokiona

### Uso umevimba, macho yamefunga

Hapa pana magonjwa matatu yanayofanana kwa mbali, na tiba zake hazifanani.

Mafua makali huja haraka. Leo mmoja, baada ya siku tatu watano. Uso umevimba, kamasi ni nyepesi kisha nzito, na harufu yake ni mbaya kiasi kwamba unaisikia ukiingia bandani. Huyu anahitaji antibiotiki.

Upungufu wa vitamini A huja polepole, mwishoni mwa kiangazi, wakati uwanja hauna jani bichi na kuku wanaishi kwa pumba na mahindi meupe. Mahindi meupe hayana kiini cha vitamini hiyo. Ya njano yanacho. Macho hujaa kitu cheupe kikavu kama jibini, na ukimulika kooni unaona vipele vidogo vyeupe kama vichwa vya pini. Harufu ni kidogo au haipo. Antibiotiki hapa ni kupoteza pesa. Osha macho kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi (kijiko 1 cha chai, sawa bila kilima, kwa nusu lita), toa uchafu taratibu kwa pamba, mpe vitamini za kuku kwa siku tano hadi saba, na kila siku kata mchicha, majani ya kunde au matembele, na papai. Lipe kundi zima, maana wengine nao wako njiani.

Ndui huacha vipele kwenye upanga na kuzunguka macho, na wakati mwingine utando wa njano mdomoni. Ukijaribu kuubandua unatoka damu. Vipele vya vitamini A vinatoka bila damu. Ndui huenezwa na mbu na haina dawa. Paka vidonda aidini, mlishe kwa mkono akiwa haoni, na wengi watapona katika wiki tatu au nne. Zuia mbu: mwaga maji yaliyotuama karibu na banda.

### Kuhara damu

Dawa yake ni amproliamu. Unga wa asilimia 20 unapimwa gramu 1.2 kwa lita moja ya maji, siku tatu hadi tano mfululizo, bila maji mengine yoyote bandani. Kama pakiti yako ina asilimia tofauti, fuata kipimo chake. Ondoa matandiko yote yaliyolowa, kwa sababu vimelea hukomaa kwenye unyevunyevu. Dawa bila kukausha banda hurudisha ugonjwa wiki ya pili.

### Gole limeziba au limechacha

Lililo gumu: mpe mililita 5 za mafuta ya kupikia kwa matone, kisha likande taratibu kwa dakika tano, mara tatu au nne kwa siku. Lililochacha: mnyime chakula saa 12 hadi 24, maji yabaki, halafu anza na chakula laini kidogokidogo. Kuna desturi ya kumning'iniza kichwa chini atapike. Iache. Uchafu huingia kwenye njia ya pumzi na anakufa mikononi mwako.

### Yai limekwama

Anasimama wima kama chupa, mkia unapanda na kushuka, anasukuma bila kitu kutoka. Mkalishe kwenye beseni la maji ya vuguvugu yanayofika tumboni kwa dakika 15 hadi 20. Mkaushe, paka mafuta kwenye njia ya haja, umweke gizani penye joto. Rudia baada ya saa mbili. Usilivunje yai ndani. Vipande vya ganda hukata njia ya uzazi. Siku ikipita bila mafanikio, daktari wa mifugo anahitajika. Baadaye mwekee maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa, au chokaa ya mifugo.

### Wadudu na minyoo

Viroboto waliong'ang'ania usoni paka mafuta mazito, wakose hewa. Epuka kuyaingiza jichoni. Utitiri wa miguu: loweka miguu kwa maji ya sabuni, sugua kwa mswaki laini, paka mafuta mazito mara mbili kwa wiki hadi magamba mapya yatokee. Utitiri wa banda unatibiwa kwenye banda: choma taka, ziba nyufa, paka chokaa, nyunyiza dawa iliyoandikwa kuwa ni ya kuku.

Kwa minyoo, fahamu kwamba paiperazini huondoa minyoo mikubwa ya mviringo tu. Levamisoli inafikia aina nyingi zaidi za minyoo ya mviringo. Tegu (minyoo bapa kama utepe) wanahitaji dawa tofauti.

### Kideri

Hakuna tiba. Pilipili, shubiri na majivu hayaui kirusi hiki. Usichanje kundi ambalo tayari linakufa ukitegemea kuliokoa, kwani chanjo haimponyi aliyekwisha kuambukizwa.

Funga waliobaki ndani, zuia wageni, na mjulishe afisa mifugo siku hiyohiyo. Ukiona vifo vingi vya ghafla na vichwa vilivyovimba na kuwa vya zambarau, usimshike yeyote bila glavu na kitambaa cha mdomo, kwa kuwa mafua ya ndege hufanana na kideri na humwambukiza mtu.

Usimpeleke mgonjwa sokoni. Kuku mmoja kwenye tenga la gulioni anatosha kupeleka kideri vijiji vitano, na ugonjwa huo utakurudia.

## Hatua ya 7: Ukilazimika kutumia antibiotiki

Kwanza, mgonjwa asiyekunywa apewe dawa moja kwa moja, kwa mdomo au kwa sindano ya daktari wa mifugo, kulingana na uzito ulioandika kwenye daftari. Dawa ya kwenye maji iwe kwa kundi linalokunywa.

Pili, dawa moja tu. Kuchanganya pakiti mbili ili iwe kali kunaumiza figo na hutajua ipi ilisaidia. Usitoe oksitetrasaiklini pamoja na maziwa au chokaa, kwani kalsiamu huishika isiingie mwilini.

Tatu, maliza siku zote zilizoandikwa, hata akichangamka siku ya pili. Maji ya dawa yabadilishwe kila siku na yawekwe kivulini.

Nne, soma muda wa kusubiri kabla ya kula mayai na nyama. Mayai ya siku hizo yafukiwe, yasiuzwe wala kupewa watoto.

Siku tatu zikipita bila nafuu yoyote, usibadilishe dawa kwa kubahatisha. Mpeleke kwa daktari wa mifugo pamoja na daftari lako.

## Hatua ya 8: Akipona, au akifa

Amepona anapokula mwenyewe, kinyesi kimerudi cha kawaida, na uzito unapanda mara mbili mfululizo ukimpima kila baada ya siku tatu. Msubirishe siku 14 nyingine bila dalili. Mrudishe usiku, ukimpandisha kichanjani wenzake wamelala. Asubuhi vita huwa vidogo.

Waliougua mafua makali au homa ya matumbo ni habari nyingine. Hupona kwa macho lakini hubaki na vimelea na kuambukiza wageni bandani. Homa ya matumbo hupita hata kwenye yai hadi kwa kifaranga, kwa hiyo mayai yao yasiatamiwe kamwe. Ushauri wetu, ingawa unauma, ni kuwaondoa kundini.

Akifa na wengine wanaumwa, uchunguzi wa mzoga ndio jibu la uhakika na la gharama nafuu kuliko pakiti tano za dawa. Mfunge kwenye mifuko miwili, mweke kwenye barafu bila kumgandisha, umfikishe maabara ndani ya saa 24. Tanzania kuna Wakala wa Maabara ya Veterinari, Temeke, wenye vituo vya kanda, na Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro; Kenya kuna maabara kuu ya mifugo Kabete. Usimpasue mwenyewe jikoni.

Mzoga usioenda maabara ufukiwe shimo la mita 1 au zaidi, juu ya tabaka la chokaa au majivu, mbali na kisima. Usimpe mbwa.

Boksi na magazeti choma. Tenga na vyombo osha kwa sabuni hadi uchafu uishe, kisha loweka dakika 15 kwenye klorini sehemu 1 kwa maji sehemu 9, na uvianike juani kutwa. Klorini ikimwagwa juu ya kinyesi haifanyi kazi, kwa hiyo kuosha kunatangulia.

Kisha fungua daftari, andika tarehe ya chanjo ya kideri kwa waliobaki wakiwa wazima: tone moja la I-2 jichoni, kila kuku pamoja na vifaranga, kila baada ya miezi mitatu. Chupa isafirishwe kwenye ubaridi, na iliyofunguliwa itumike siku hiyohiyo. Itakuwa rahisi mkikubaliana na majirani kuchangia chupa moja na kuchanja siku moja.